Maana ya Tisa

Mkuyuni, Mwanza
Jumamosi alasiri

Kemilembe mwanangu,

Sina haja ya kukuuliza hali, maana umetoka sasa hivi kwenda Mabatini kumuaga shangazi yako na kicheko chako bado kimo masikioni mwangu. Sitakuandikia habari za kula kwa wakati wala za kuchagua marafiki. Una miaka ishirini na mitatu, na hayo umeyasikia mpaka yamekuchosha. Kesho asubuhi unapanda basi la Dodoma, na Jumatatu unaripoti makao makuu ya shirika lilelile nililolitumikia mimi, kwa kazi ileile niliyoifanya mimi. Kabla hujakikalia kiti hicho nataka umjue aliyekikalia kabla yako.

Leo mezani uliwasimulia binamu zako habari za fildi yako, yale mazoezi ya kazi ya chuo. Ulisema alikuja mzee mmoja ofisini kwenu analalamika kwamba jina lake limeondolewa kwenye orodha, ukamwambia, "Babu, mfumo haukosei, lete ushahidi." Ukaigiza alivyopapasa mifuko akitafuta karatasi. Binamu zako wakacheka. Mimi pia nilicheka, Kemi, kabla sijasikia nilichokuwa nakicheka. Ndipo nikaondoka mezani, na ulipokuja kuniuliza kama ni presha nikakudanganya kwamba ni presha.

Maneno yale ni yangu. Sijui uliyaokota wapi, labda ukiwa kidato cha pili, ulipokuwa unakuja ofisini kwangu baada ya shule na kukaa pembeni na daftari lako la hesabu. Niliwahi kumwambia mtu maneno hayo, na mtoto wake akafa. Naliandika hivi wazi mapema ili usije ukadhani linakuja jambo jingine la kulipunguza.

Unajua shirika letu lilivisaidia vituo vya afya vya mwambao na visiwani kuwafuatilia watoto wenye selimundu, huu ugonjwa ambao wengi tunauita sikoseli. Kila kituo kilijaza taarifa zake, zikaja Mwanza, zikaingia kwenye mfumo mmoja mkubwa wa uchambuzi. Mfumo ndio uliotoa orodha za kila mwezi: nani apelekewe dawa, nani atembelewe na nesi. Kazi yangu mimi haikuwa watoto. Kazi yangu ilikuwa maelezo ya hizo taarifa: safu hii inaitwaje, namba hii inamaanisha nini, nani ana dhamana nayo. Ninyi mmefundishwa kuiita metadata. Pale ofisini alikuwepo Mzee Bwire, karani wa kumbukumbu, Mjita aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja na ushee astaafu. Yeye aliiita "maana", basi. "Mama Kemi," angesema, "namba nimezipokea, lakini maana bado."

Bwire alikuwa na daftari gumu la kaunta ambamo aliandika maana za kila kituo. Alipiga simu kituo kimoja baada ya kingine, akamuuliza nesi au karani anayejaza fomu: ukiandika moja unataka kusema nini, ukiandika mbili je. Hivyo ndivyo alivyojua kwamba kwenye safu ya hali ya mgonjwa, vituo vya nchi kavu vikiandika tisa vilimaanisha amefariki, lakini vituo vya visiwani, vilivyoanza na fomu za zamani, tisa yao ilimaanisha amehamia kituo kingine.

Mimi daftari lile lilinikera. Nilikuwa nimerudi kutoka mafunzoni, nina cheo kipya, na nilikuwa nimejifunza kuandika programu inayopita kwenye majedwali yote ya mfumo na kuyaandika upya maelezo yake kwa mkupuo mmoja. Kazi ya miezi ya Bwire ningeifanya kwa muda wa kunywa chai. Na ni kweli, Kemi, iliwezekana. Hilo ndilo linalolevya. Ukiandika kwa mkono unakosea mara moja, na mkono unachoka, unasimama, unafikiri. Programu haichoki. Inalirudia kosa lako kila mahali kwa usafi uleule, na kila mahali panaonekana pametulia.

Niliitangaza mbele ya ofisi nzima: kuanzia sasa tisa ni amefariki, kwa kila kituo. Bwire akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mama Kemi, visiwani tisa si kifo."

"Basi visiwa vitajifunza," nikamjibu.

"Nipe wiki moja niwapigie. Wakibadilisha fomu zao kwanza, ndipo na sisi tubadilishe huku."

"Mzee Bwire, wageni wanaotufadhili wanakuja mwisho wa mwezi. Nikawaonyeshe daftari?"

Watu wakacheka. Wakubwa walicheka kwa sababu nilikuwa kipenzi chao, na wadogo walicheka kwa sababu wakubwa wamecheka. Bwire aliketi. Nilifurahi kumwona ameketi. Sikumwonea huruma hata chembe. Nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyefagia chumba.

Kulikuwa na jambo moja dogo. Kila badiliko kwenye mfumo lilitaka jina la mwenye dhamana. Ningeweza kuandika langu. Niliandika la Bwire, kwenye kila safu. Nilifanya kwa kejeli: si anasema maana ni zake, basi azibebe. Hivyo ndivyo nilivyojiambia wakati ule. Leo sina hakika kama mahali fulani ndani yangu sikuwa nimeshatafuta mtu wa kusimama mbele yangu endapo moto ungewaka. Na jingine: programu yangu ilifuta maelezo ya zamani bila kubakiza nakala. Sikuona sababu ya kuhifadhi uchafu.

Wageni walikuja, wakaona dashibodi zetu, wakapiga picha. Idadi ya waliofariki visiwani ilikuwa imepanda ghafla. Mmoja aliniuliza kwa nini. Nikamwambia, "Zamani hatukuwa tunaona. Sasa taarifa ni safi." Akaandika.

Kemi, niliiona ile idadi. Usije ukadhani sikuiona.

Masika yale alikuja mwanamume mmoja kutoka kisiwa cha Kome, anaitwa Masanja. Alikuwa rika langu, lakini aliniamkia shikamoo, nami nikaitikia marahaba bila haya. Alisimama mpaka Bwire alipomvutia kiti.

"Nesi amenieleza jina la binti yangu halimo kwenye dawa," alisema. "Mwezi uliopita alimpa za akiba, sasa zimeisha. Anasema kompyuta ya Mwanza imeandika kwamba amekufa."

"Anaitwa nani?"

"Nyamizi. Nyamizi Masanja."

Nikatafuta. "Ni kweli. Hapa amefariki."

"Mama, nimemwacha asubuhi anakunywa uji."

Ningeuliza swali moja tu: mlihama? Angenijibu kwamba ndiyo, walihama kutoka upande mmoja wa kisiwa kwenda mwingine, na kituo cha kwanza kikaandika tisa kama kilivyozoea. Bwire aliniambia hayo baadaye, maana yeye alimuuliza pale mlangoni. Mimi nilisema, "Mfumo haukosei, baba. Lete ushahidi kwamba yu hai."

"Ushahidi gani?"

"Barua ya mtendaji wa kijiji, yenye muhuri."

"Mtendaji amekwenda msibani Geita. Hatujui atarudi lini."

"Basi mlete mwenyewe tumwone."

Bwire akasema kutoka mezani kwake, polepole, "Usimwambie amlete. Mtoto wa sikoseli hana dawa mwilini, mvua zenyewe hizi, ziwa lina baridi."

"Wewe andika daftari lako," nikamwambia. Masanja alitutazama kwa zamu, asijue yupi ni mkubwa. Kisha akanitazama mimi, kwa sababu ndiye niliyekuwa na kompyuta, akasema, "Nitamleta."

Alimleta Alhamisi. Walivuka kwa mtumbwi wa injini mpaka upande wa Sengerema, wakapanda pikipiki hadi Kamanga, wakapanda kivuko kuja mjini. Mvua iliwanyeshea njia nzima. Binti alikuwa na miaka tisa. Ndiyo, tisa. Alivaa sweta la njano lililolowa mpaka likawa rangi ya haradali, na macho yake yalikuwa ya manjano pia. Aliniamkia vizuri, "Shikamoo mama," kisha akakaa kwenye benchi akaanza kujisugua magoti.

"Miguu inamuuma," Masanja alisema.

"Ni uchovu wa safari," nikasema.

Bwire alivua koti lake akamfunika, akaenda kumtafutia chai ya moto. Mimi nikageukia kompyuta, nikafungua rekodi ya Nyamizi, nikafuta tisa, nikaandika moja. Yu hai. Kazi ikawa imekwisha. Nikawaambia dawa zitatoka kwenye orodha ya mwezi ujao.

Hapa ndipo penye dhambi yangu hasa, kwa hiyo soma taratibu. Makosa ya programu ni makosa, kila mtu huyafanya, hata wewe utayafanya. Lakini siku ile ushahidi niliouomba ulikuwa umekaa mbele yangu unatetemeka. Mtoto mmoja aliye hai ndani ya ile tisa alitosha kuniambia kwamba tisa zote za visiwani zina shaka. Bwire aliinama karibu na sikio langu akasema, "Wapo wengine. Fungua zote." Nami nilijua anasema kweli. Lakini kuzifungua zote kungekuwa kukiri mbele ya mtu niliyemcheka. Nikasahihisha rekodi ya mtoto mmoja, ile maana ya tisa nikaiacha kama ilivyo.

"Nina wasilisho kesho," nikamwambia Bwire. "Tutaangalia wiki ijayo."

Walirudi kivukoni. Nyamizi alianguka kwenye foleni, kabla ya kupanda. Watu wakasaidiana kumpeleka hospitali. Alikaa siku mbili, akafa Jumamosi.

Masanja alikuja tena Jumanne. Safari hii hakuniamkia. Alisimama mbele ya meza yangu, kofia mkononi, akasema, "Ile namba uliyoibadilisha, irudishe. Sasa ni kweli."

Niliirudisha, Kemi. Alinitazama nikibonyeza. Nilitaka aondoke haraka. Lakini hakuondoka, alikuwa na neno jingine.

"Ni mimi," alisema. "Nisingemvusha ziwa kwenye mvua ile angekuwepo. Mama yake ameniambia hivyo, na ndugu zake wamesema hivyo, na ni kweli."

Kulikuwa na jibu moja tu la haki, nami nilikuwa nalo mdomoni: si wewe, ni mimi. Nikasema, "Pole sana, baba. Mungu amempenda zaidi." Akaitika kwa kichwa, akashukuru. Alinishukuru, mwanangu. "Wabeja, mama," akatoka.

Bwire alikuwa amesikia yote. Alipiga simu visiwani, kituo kimoja kimoja, akaandika majina. Alipata watoto kumi na mmoja waliokatiwa dawa. Wawili kati yao walikuwa wamekwisha kuzikwa. Alipeleka orodha kwa mkurugenzi bila kupitia kwangu, na hivyo ndivyo kikao kilivyoitishwa.

Mkurugenzi aliuliza nani alibadilisha maana ya tisa. Fundi wa mfumo akafungua kumbukumbu, akasoma: mwenye dhamana, Bwire. Safu baada ya safu, Bwire. Mzee alinigeukia. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayemsubiri mwenzake amalize kufunga kamba ya kiatu ili waondoke wote.

"Mama Kemi," alisema, "sema."

Nikasema, "Mfumo unaonyesha jina lako."

Tena nikaongeza, bila kuulizwa, kwamba nilikuwa nimeshamwonya kuhusu kuendesha mambo kwa daftari. Walimfukuza wiki ileile. Vitu vyake vilijaa kwenye mfuko mmoja wa salfeti. Daftari alilisahau mezani, au aliniachia, sijawahi kujua. Na kwa kuwa programu yangu ilikuwa imefuta maelezo yote ya zamani, daftari lile lilikuwa nakala pekee ya maana iliyobaki duniani. Nililichukua. Nililinakili neno kwa neno, nikaandika programu ya pili ya kurudisha kila kituo kwenye maana yake, ikafanya kazi vizuri ajabu. Kwa hiyo wakanipa cheti. Ndicho kile cha sebuleni, ambacho tangu ukiwa sekondari ulikipangusa kila Jumamosi na kuwaonyesha rafiki zako. Ulisomea kazi hii kwa sababu ya kile cheti. Uliniambia mwenyewe siku ya mahafali, mbele ya watu, nami nikalia, ukafikiri nalia kwa furaha.

Miaka mitatu iliyopita nilimwona Bwire hapahapa Mkuyuni, jirani na soko, kwenye kibanda cha karatasi na kalamu. Anawajazia watu fomu. Nilipita mara nne kabla sijasimama. Alinitambua mara moja.

"Umekuja kujaziwa fomu?"

"Nimekuja kukupa pole, Mzee Bwire."

Aliweka kalamu chini. "Pole ni ya mtu aliyejikwaa," alisema. "Mimi ulinisukuma."

"Nisamehe."

"Nikusamehe mimi, halafu? Utakwenda nyumbani umelala vizuri, na jina langu litabaki kwenye zile safu. Ulinyamaza mahali. Nenda kaseme palepale uliponyamaza. Ukishasema, njoo, tutajua kama kuna cha kusamehe."

Kisha akamwita mteja aliyekuwa nyuma yangu.

Sikwenda kusema. Miaka mitatu, Kemi. Kwanza nilijiambia ngoja nistaafu, nikastaafu. Kisha nikajiambia ngoja umalize chuo. Kisha ukaitwa kwenye usaili, na kwenye usaili wakakuuliza kama wewe ni binti wa fulani, ukarudi hapa unarukaruka kwa sababu walivyosikia jina langu walitabasamu. Nikajiambia ngoja aajiriwe. Ningeendelea kungoja mpaka kaburini, kama usingeigiza leo vidole vya yule mzee vikipapasa mifuko.

Sasa nakueleza nililofanya. Ulipokuwa unaosha vyombo nilikaa kwenye kompyuta nikaandika maelezo ya yote haya, na majina ya safu, na jinsi jina la Bwire lilivyoingia, na nani aliliingiza. Nimeyatuma kwa mkurugenzi wa sasa na kwa bodi. Watayasoma Jumatatu asubuhi, utakapokuwa umekaa mapokezi na bahasha yako ya ajira. Najua nimekuchagulia siku mbaya. Ningeweza kungoja wiki moja ukishasaini. Lakini nazijua "wiki moja" zangu zilivyo, na nikiingoja hii utakuwa umeajiriwa kwa uongo wangu, na wewe utakuwa na cha kulinda, na utaanza kunishauri ninyamaze. Ni ukatili kukutendea hivi. Nilipima ukatili huu na ule mwingine, nikauchagua huu.

Huenda wakakurudisha. Huenda wakakupokea na kukutazama kwa jicho jingine. Wakikuuliza kama ni mama yako, ni mama yako. Usinitetee. Usiseme zamani teknolojia ilikuwa changa. Haikuwa changa, nilikuwa najua. Wakikupa kazi, siku ya kwanza utakayoandika programu ya kugusa maana za watu, andika jina lako mwenyewe kwenye nafasi ya mwenye dhamana, kisha ukae uitazame uone kama mkono wako bado una hamu ya kuiendesha. Sina zaidi ya hilo la kukufundisha, na hilo lenyewe sikulifanya hata mara moja.

Barua hii nitaiweka juu ya begi lako, uisome leo nikiwa bado humu ndani, ukitaka kunipigia kelele unipigie ana kwa ana. Ukitaka kulala kwa shangazi yako na kuondokea hukohuko, mpigie Baba Mdogo alete begi. Sitakufuata stendi kama hutaki.

Ukiondoka na mimi naondoka. Kesho nakwenda kuvuka Kamanga, halafu Kome. Nimeulizia: Masanja bado yupo. Mkewe alimwacha mwaka uleule, kwa sababu ya mvua ile. Anaishi peke yake, anavua dagaa, na watu wanasema hajapanda kivuko tena tangu siku ile. Kwa miaka yote hii yule baba anaamini kwamba alimuua binti yake. Nakwenda kumwambia kwamba mtoto alikuwa kwenye orodha ya waliokufa kabla hajamvusha, na kwamba niliyemweka humo ni mimi, na kwamba siku aliponiambia "ni mimi" nilijua si yeye.

Sijui atafanya nini. Sijabeba zawadi wala sijaandaa maneno. Akinifukuza nitarudi kwa kivuko cha jioni. Akiniuliza kwa nini nimechelewa hivi kumwambia, sitamtungia jibu.

Mama yako,
Justina